Chumba cha Upana wa Boriti

Watalii walikuwa wakiupiga picha mlango wetu kila siku ya Mungu. Mlango wa nakshi, wa mti wa msaji, una misumari ya shaba iliyotokeza nje, na yule aliyekuwa akiwatembeza alikuwa akiwaeleza kwa sauti ya kukariri kwamba mlango kama huu ndio heshima ya mwenye nyumba. Mimi niko ghorofa ya pili, nimejikandamiza kitambaa cha barafu shavuni, nawasikia neno kwa neno. Heshima! Nilikuwa natamani niwamwagie ndoo ya maji ya samaki vichwani mwao. Si kosa lao, hilo nalijua, lakini wakati ule sikuwa na mtu mwengine wa kumkasirikia.

Nilikwenda mjini kwa kuolewa. Kwetu ni kijijini, upande wa Chwaka, na baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Alikuwa akipanga magogo ya minazi duara, akirundika mawe juu yake, akitia moto, na kijiji kizima kikikohoa siku mbili. Nimekua na harufu ile puani. Najua chokaa iliyoiva na isiyoiva kwa kuigusa na ncha ya ulimi, na ukuta mzima na ukuta mgonjwa naujua kwa kuugonga na kifundo cha kidole. Mama alikuwa akinicheka, akisema huo ni ujuzi usio na faida kwa bibi harusi.

Siku nilipoingizwa nyumba ile jua la saa saba lilikuwa linachoma. Ukivuka kizingiti unaingia gizani. Huoni kitu, kwa hiyo unasimama, utake usitake, na ukisimama ndipo ubaridi unapokushika miguuni. Halafu mbele unaona mwanga umeshuka kutoka juu, uani, nawe unaufuata. Aliyeijenga nyumba ile kafa zamani, lakini alijua hasa anachokifanya: alimpunguza mtu mwendo, akamnyamazisha, kisha ndio akamkaribisha. Kuta zina unene wa mkono mzima, mawe na chokaa, ukiziwekea kiganja unahisi unyevu wake. Wallahi niliipenda nyumba kabla sijampenda mwenyewe. Na nikaendelea kuipenda hata baada ya kumchukia mwenyewe, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Chumba chetu cha kulala kilikuwa kirefu na chembamba. Vyumba vya nyumba za mawe vyote ni hivyo, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake, haupiti hapo. Fundi wa zamani alikuwa akianzia na boriti: upana wa chumba ni boriti moja, basi. Wenye kuzisifu nyumba hizi wanaona ndio uzuri wake. Mimi niliujua upana ule kwa namna nyengine. Mtu mwenye mikono mirefu akisimama katikati ya chumba kile hapana pa kupita. Kulia anakufikia, kushoto anakufikia. Unaweza kukimbia kwa urefu tu, na mwisho wa urefu pana ukuta.

Wiki ya tatu ya ndoa mume wangu aliniuliza kwa nini dirisha liko wazi. Nikamwambia nilitaka upepo. Akanizaba kofi, nami nikacheka, maana nilidhani ananitania. Sijui nani aliniambia nicheke. La pili halikuwa kofi, lilikuwa ngumi, na kichwa changu kikaenda kikapiga ncha ya kidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea msahafu na vyombo vya uzuri. Sahani ya kale ya mama yake ikaanguka ikavunjika. Nikapigwa tena kwa ajili ya sahani, mara hii kwa mkanda, upande wa chuma. Alikuwa hasemi kitu wakati anapiga. Alikuwa akipumua kwa pua tu, kama mtu anayepasua kuni.

Alipomaliza alikwenda kutia udhu, akatoka kusali alasiri. Mimi nikabaki chini. Sakafu ile ni ya chokaa iliyosuguliwa, baridi yake haiondoki hata Januari, nikaliweka shavu langu pale na maumivu yakapungua. Nikageuza shavu la pili. Siku hiyo ndio nilianza kujifunza ile nyumba, kwa ngozi na kwa masikio, kama mtoto anavyojifunza kusoma.

Ngazi zake zilikuwa kumi na saba, za mbao, zimesimama kama zinataka kuanguka juu yako. Ya nne inalia. Mume wangu akiwa na furaha anaikanyaga, inalia, na mimi natoa pumzi. Akiwa na hasira anazipanda mbili mbili, ya nne hailii, na kimya kile cha ngazi ya nne kikinikuta jikoni mwiko ulikuwa ukinitoka mkononi. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaingia kwa vipande baina ya vibao, ukitembea ukutani. Ukifika kidaka cha tatu, duka lake la vitambaa linafungwa kwa chakula cha mchana. Sikuhitaji saa. Nilikuwa najua yuko wapi, anafanya nini, na ana hali gani, kabla hata hajatia ufunguo. Watu wanasema nyumba hizi zinatuliza moyo. Mimi sijapata kukaa macho maishani mwangu kama nilivyokaa mle ndani.

Sasa nikwambieni habari ya baraza. Nje ya nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba chetu, pana benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Juu yake linapita wikio, ule ujia wa ghorofani unaovuka kichochoro kutoka nyumba yetu hadi nyumba ya jirani, waliojengewa wanawake wa zamani watembeleane bila ya kushuka njiani. Wikio linatia kivuli, na penye kivuli wanaume hawakosi. Walikuwa wanne, kila siku: fundi wa kushona, mwalimu mstaafu, muuza kahawa na birika lake, na mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia. Wakizungumza siasa, mpira, na bei ya sukari. Kichochoro ni chembamba hata mabega mawili yanapishana kwa shida, na kuta ni ndefu, kwa hiyo sauti haina pa kwenda ila juu. Nilikuwa nasikia kikombe kikiwekwa. Nilikuwa nasikia mwalimu akimeza.

Na nikiwasikia mimi, wao wananisikia. Hilo halina elimu.

Nilijua kwa sababu walikuwa wananyamaza. Kofi la kwanza likilia, mazungumzo yanakatika katikati ya neno. Nalala chini nimejikunja, mikono kichwani, na huko chini kimya, watu wazima wanne wametulia tuli, wanasubiri. Akimaliza, kinapita kitambo kidogo, kisha mmoja anakohoa, na wanaendelea pale pale walipoachia. Wakajitia hamnazo namna hiyo miaka miwili. Akitoka nje mume wangu, kanzu imenyooka, wanamsogezea nafasi na kumtilia kahawa. Kwa kweli wale niliwachukia kuliko yeye. Yeye nilishamjua ni nani.

Mimba ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu. Sikumbuki kosa langu lilikuwa nini siku ile, nadhani chumvi. Nilikumbuka kufumbata tumbo, lakini alinishika nywele akanizungusha, mgongo ukaja ukutani, na teke likanipata chini ya kitovu. Nikamwambia, bwana, nna mimba, usinipige hapa. Akapiga hapo hapo, mara mbili. Damu ilinishuka mpaka vidoleni. Sakafu ya chokaa ikainywa, na alama yake haikutoka tena, hata nilipoisugua kwa ndimu na mchanga.

Hospitali akawaambia nimeanguka ngazini. Nesi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ngazi za Mji Mkongwe hizo, hata shangazi yake zilimvunja nyonga. Nani asiyezijua? Kila mtu mjini anaye jamaa yake aliyeangushwa na ngazi. Nikaona hapo kwamba nyumba imempa mpaka uongo, tena uongo mzuri, na mimi mdomo umevimba siwezi hata kusema hapana.

Baada ya hapo akaliziba wikio. Jirani wa upande wa pili alikuwa bi kizee mjane, anaishi peke yake, na mara mbili tatu alikuja kupitia juu kuniletea mkate wa kumimina. Mume wangu hakulipenda. Akaleta fundi kijana kutoka Ng'ambo, mitaa mipya ya nje ya Mji Mkongwe, na matofali na mifuko ya saruji, wakaupanga ukuta pale penye mlango wa wikio, kwa upande wetu. Mimi niliagizwa niwapikie chai. Nikasimama na sinia nikitazama. Yule fundi hakuuchimba ukuta wa kale kuyashikiza matofali yake, hakuulowesha, hakutia hata tone la chokaa. Aliyapanga, akapaka saruji ukingoni, akalainisha kwa mwiko wake akaona amemaliza. Baba yangu angelimrushia jiwe. Saruji haishiki juu ya chokaa kuukuu, inakaa tu. Ukuta wa chokaa unatoa jasho, na jasho lile linaisukuma saruji kidogo kidogo mpaka inaachana. Mvua mbili tatu, na yale matofali yatakuwa yamesimama pale kwa kutegemeana. Mume wangu akamsifu fundi, akasema ukuta kweli kweli huu. Nikawatilia chai, nikanyamaza.

Masika yakapita, vuli ikapita. Nikawa kila siku, akishatoka na kunifungia kwa kufuli, nakwenda kuugonga ukuta ule kwa kifundo cha kidole. Simu alikuwa ameshanichukua, redio hakuitaka ndani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ndiyo hiyo. Mwanzo ulikuwa unajibu sauti nzito. Baada ya masika ukaanza kutoa sauti ya mtungi mtupu upande wa kulia. Baada ya vuli ulikuwa mtupu pande zote mbili, na ukipitisha kucha baina ya saruji na chokaa, unga mweupe unakuangukia. Nikauonja. Chokaa tupu, imeoza kwa maji.

Hapo nilikuwa na mimba ya pili, mwezi wa nne. Nilimficha hata nikashindwa, tumbo likanisaliti. Asubuhi aliyoligundua alisimama mlangoni akilitazama muda mrefu, akaniuliza nilikuwa nangoja nini kumwambia. Akanisukuma, nikaanguka kwa magoti, nikajikunja juu ya tumbo langu kama kobe, na yeye akanikanyaga mgongoni kwa kisigino, mara ngapi sijui, huku akisema leo hana wakati, ana mzigo unatoka bandarini, lakini akirudi mchana tutalimaliza. Alisema hivyo, tutalimaliza, kama tulikuwa na shughuli yetu sote wawili. Halafu kufuli likalia, na nikasikia akiwatolea salamu wale wa barazani, nao wakimwitikia.

Nilibaki pale sakafuni nikisubiri nisikie kama mtoto yumo. Sikuwa nikipumua. Kisha akacheza, kidogo tu, upande wa kushoto. Jamani! Sijui nieleze vipi. Niliinuka na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Mwanga ulikuwa bado haujafika hata kidaka cha kwanza.

Nilichukua mbuzi ya nazi, nikaukomoa ule ulimi wake wa chuma, nikaanza kukwangua ukingo wa saruji. Unga unatoka, unanijaa machoni, nami nakwangua. Vidole vikachubuka, damu na chokaa zikachanganyika, na chokaa kwenye kidonda inawaka moto, kila mtoto wa mchomaji anajua. Nilipomaliza kuzunguka pande zote, nikachukua mchi wa kutwangia, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaukimbilia ukuta kwa mchi. Nikapiga. Nikapiga tena. Kila pigo nilikuwa namwona yeye. Nilipiga pua yake, nikapiga meno yake, nikapiga kile kisigino. Nilikuwa natukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Huko chini, barazani, mazungumzo yalikatika. Vumbi lilikuwa linashuka baina ya mbao za wikio, na nikamsikia muuza kahawa akimwambia mwenzake afunike kikombe chake, kinaingia mchanga. Wakasogea. Nilizisikia kandambili zao zikiburutwa.

Ukuta haukuvunjika. Uliondoka mzima, kipande kimoja, ukalala upande wa pili kwa kishindo kilichotikisa boriti zote. Vumbi likapanda. Ng'ambo ya vumbi, amesimama bi kizee kajifunga kanga kifuani, kashika kisu cha kukatia mboga. Alikuwa amekuja kupigana na mwizi. Aliponiona alikitupa kisu, akanikumbata na uchafu wangu wote, akanivusha. Alirudia neno moja tu, nisamehe, nisamehe, na mimi sikumwelewa anaomba msamaha wa nini.

Nilimwelewa barazani, baada ya siku tatu za kujificha kwake, mlango wake wa wikio umetiwa komeo. Bi kizee alikuwa anataka twende polisi siku ile ile. Baba yangu, aliyepelekewa habari akaja kutoka kijijini na basi la asubuhi ya pili yake, akasema mambo ya mke na mume yaanzie kwa sheha, mkuu wa mtaa, ndio adabu. Sheha yule alikuwa mgeni, hana hata miezi miwili tangu ateuliwe, na hakutaka makosa. Akasema tutakaa pale pale mtaani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya mashahidi. Kwa hiyo tukakaa barazani, chini ya wikio. Wanaume wanne mahali pao pa kila siku, sheha katikati na daftari lake, mume wangu pembeni, anang'aa, ananukia udi. Baba yangu mbele yake. Mimi na bi kizee tulisimama ndani kidogo ya mlango, ule wa kupigwa picha.

Mume wangu alizungumza taratibu. Yule mtu ana ulimi mtamu, hilo simnyimi. Alisema mkewe ni mtu wa shamba, hazijui nyumba za ghorofa, ameanguka ngazini mara ya kwanza wakapata msiba, ameanguka mara ya pili mgongo ukaumia, na sasa mimba imemgusa akili, anavunja kuta. Aliposema ngazi, watu walitabasamu, maana nani asiyezijua. Akasema yeye amesamehe, hata gharama ya ukuta hataki. Anamtaka mkewe nyumbani tu.

Sheha akawauliza wale wanne, mmoja mmoja, kwa kuwa wao wanakaa hapa kutwa. Mmewahi kusikia ugomvi? Fundi wa kushona akasema hakusikia. Muuza kahawa akasema hakusikia. Baharia akatazama vidole vyake vya miguu akasema hakusikia. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa na sifa ya usomi, akaeleza kwa ufasaha kwamba kuta hizi zimejengwa na watu waliothamini stara, zina unene mkubwa, hata mzinga wa kufuturu ukilia mtu aliye ndani hausikii, sembuse maneno ya mtu na mkewe. Nikatamani nimrukie. Bi kizee alinishika kiuno.

Yeye mwenyewe bi kizee alisema. Alisema amesikia yote, tangu mwezi wa kwanza. Sheha akamuuliza kwa nini basi hakumwambia mtu miaka miwili. Akajifunika uso kwa ushungi, akasema alikuwa anamlindia mtoto wa watu stara yake. Ndipo nilipojua alikuwa ananiomba msamaha wa nini. Mwalimu akasema kwa upole kwamba bibi huyu ni mtu mzima sana, masikio yake hayaaminiki, na sheha akaandika kitu.

Nikaona linavyokwenda. Sheha alifungua ukurasa mpya, akasema ataandika suluhu: mke arudi, mume aahidi mbele ya mashahidi. Alimtazama baba yangu. Baba akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyetoka tanuuni.

"Rudi kwa mumeo, mwanangu," alisema. "Akikugusa tena nnakuja mimi."

Nilikuwa nahesabu tumboni. Mwezi wa nne na siku kumi. Nilijua nikipanda ngazi zile kuishi, mwezi wa tano huyu mtoto hauoni, na pengine na mimi siuoni, na watu watasema ngazi. Mume wangu alikuwa anatazama pembeni kwa adabu. Kalamu ya sheha ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nikasema nakubali, lakini kabla hajaandika niruhusiwe kwenda kukitazama chumba changu, na bi kizee anifuate. Sheha akaona ni ombi dogo. Akasema nenda, tunangoja.

Tukapanda. Ile ya nne ikalia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kabla sijaingia pua yangu ikanieleza: chokaa mbichi. Alikuwa amepaka ukuta upya, upande wa kidaka, mahali kichwa changu kilipozoea kugonga. Nikafunga mlango nyuma yetu, nikatia komeo. Nikafunga na madirisha, vibao vyote, kama alivyokuwa akitaka yeye. Chumba kikawa giza na baridi, na huko chini baharia akajikuna ndevu, nami nikasikia.

Nilimwambia bi kizee asimame karibu yangu awe shahidi kwamba sitapaza sauti. Nilikwenda pale pale nilipokuwa napigwa, baina ya kitanda na ukuta, nikasema kama mtu anayemsalimia mgonjwa aliye kitanda cha pili:

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," wakaitika.

Wote. Kwa pamoja, kwa uzuri, kama walivyofundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo, mdomo ukitangulia na akili ikifuata nyuma. Nilimsikia fundi wa kushona, nikamsikia muuza kahawa, nikamsikia baharia. Mwalimu alitamka kila herufi kwa haki yake. Sheha aliitika. Baba yangu aliitika. Na ndani yao, wazi kabisa, nikaisikia sauti ya mume wangu.

Halafu wakajisikia. Kilipita kimya ambacho nilikuwa nakijua, ndio kile kile cha siku zote, watu wazima wametulia tuli. Bi kizee alikuwa ameuma ushungi wake. Nikaweka mkono tumboni, na kwa sauti ile ile, sikuiongeza hata kidogo, nikawaambia:

"Basi na siku zile mlikuwa mnanisikia."

Hilo hawakuliitikia. Kikombe kiliwekwa chini. Nikasikia karatasi inachanwa kutoka daftarini, kisha sheha akimwambia mume wangu ainuke, wanakwenda kituoni, na mwanamke huyu harudi nyumba hii. Hakupaza sauti na yeye. Kisha baba yangu akaanza kulia, alilia kwa mdomo wazi, na mimi nilisimama pale chumbani, milango na madirisha yote yamefungwa, nikamsikia mpaka mwisho.